Sandarusi si kiroba: uzi wa mti uliojaza majahazi, na leo tunauchoma mkaa bila kuujua jina

Mjukuu wa Kisarawe

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi nilikwenda Tandika kutafuta mifuko ya kuwekea maranda. Mimi ni fundi seremala, na maranda yangu huwa nawauzia wafugaji wa kuku. Kijana wa dukani akaniuliza, "Mzee, nikupe sandarusi kubwa au ndogo?" Nikalipa, nikaibeba mifuko yangu, lakini njia nzima neno lile halikunitoka kichwani.

Bibi yangu mzaa baba, Mzaramo wa Kisarawe, alikuwa na sandarusi ndani ya kijaluba cha bati, na haikuwa mfuko. Vilikuwa vipande vya rangi ya asali, vingine vya manjano kama maji ya chai ya rangi, vinapitisha mwanga. Usiku wa kuamkia Ijumaa alichukua kipande kidogo, akakivunja kwa jiwe, akatupia chembe kwenye chetezo. Harufu yake ilikuwa na kitu cha limau na kitu cha mbao mbichi. Nilipoanza ufundi wa mbao nikiwa na miaka kumi na saba, siku ya kwanza kufungua kopo la vanishi nilisema, "Hii harufu naijua." Fundi wangu akacheka. Sikuwa nimekosea sana, na nitawaeleza kwa nini.

Mti wenyewe ni msandarusi. Wengine wanauita mtandarusi. Jina lake la kisayansi ni Hymenaea verrucosa, na ukisoma vitabu vya zamani utaukuta kwa jina la Trachylobium, ni huohuo. Ni wa jamii ya kunde, ndugu wa mkwaju na mkongo. Unaota kuanzia pwani ya Kenya, unashuka kwetu Tanzania mpaka Msumbiji, kisha unavuka bahari hadi Madagaska, ambako wanauita mandrorofo. Ndugu zake wote wengine wa ukoo wa Hymenaea wako Amerika, kuanzia Mexico hadi Brazil. Afrika tunao huu mmoja tu.

Kuutambua ni rahisi. Angalia jani: kila kikonyo kinabeba vijani viwili tu, vimekaa pamoja kama kwato za mbuzi. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, alipoupa ukoo huu jina mwaka 1753 alichukua jina la Hymen, mungu wa ndoa wa Wagiriki, kwa sababu ya vijani hivyo vilivyooana. Inua jani kwenye jua utaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga, humo ndimo mna mafuta ya utomvu. Maua ni meupe, yako juu kabisa kileleni. Tunda ni gumu, halipasuki lenyewe, na ngozi yake imejaa vinundu. Hiyo verrucosa maana yake ni yenye chunjua. Toboa kinundu kimoja, utomvu unatoka pale pale na kidole kinanata mpaka jioni.

Sasa, kuna sandarusi mbili, na wazee walizitofautisha kwa majina.

Ya kwanza ni chakazi. Hii ni mbichi, unaibandua kwenye gome la mti au unaiokota chini ya mti. Ni laini, ukiitia jino inakubali, na ndiyo yenye harufu nzuri. Ya pili ni ile ya kuchimba. Imekaa ardhini muda mrefu, mti ulioitoa umeshaoza na kusahaulika, pengine msitu mzima umeshaondoka pamebaki mchanga mwekundu na nyasi. Ukiiosha udongo unakuta ngozi yake ina vipele vidogo vidogo, kama ngozi ya kuku aliyenyonyolewa. Wanunuzi waliijua sandarusi nzuri kwa vipele hivyo, maana chakazi haina.

Zamani watu walibishana kama hizo mbili zimetoka mti mmoja. John Kirk, aliyekuwa tabibu kisha balozi wa Uingereza Unguja katika karne ya 19, aliangalia majani na maua yaliyonaswa ndani ya vipande vya kuchimba, akayalinganisha na miti iliyo hai ya pwani. Ulikuwa mti uleule.

Kilichonishika mimi kama fundi ni hiki. Utomvu unapotoka kwenye mti una vitu viwili: mafuta mepesi yanayoruka hewani, ndiyo harufu, na vitu vizito vinavyobaki. Kadiri miaka inavyopita mafuta mepesi yanakwenda zake, na vile vizito vinaungana vyenyewe kwa vyenyewe, vinashikamana, vinakuwa kama kioo. Yaani harufu inatoka, ugumu unaingia. Wageni walitaka ugumu. Nyumbani tulibaki na harufu. Ndiyo maana ile ya kuchimba ilipakiwa majahazini na bibi yangu akabaki na chakazi kwenye kijaluba.

Ugumu ule ulikuwa wa ajabu kwa wakati wake. Kabla ya rangi za viwandani za leo, aliyetaka kufunika gari la farasi, behewa la treni au kinanda kwa vanishi isiyokwaruzika alihitaji kopali, ndilo jina la wafanyabiashara la utomvu mgumu wa aina ya sandarusi, na katika kopali zote iliyosifiwa kwa ugumu ni ile iliyoitwa "ya Zanzibar". Zanzibar ilikuwa bandari tu. Sandarusi ilichimbwa Uzaramo, Rufiji, nyuma ya Kilwa, huko Bagamoyo na Saadani. Ilikuwa ikitajwa pumzi moja na pembe za ndovu na karafuu.

Mkataba kati ya Seyyid Said na Marekani ulitiwa saini Septemba 1833, na balozi wao wa kwanza, Richard Waters, akafika Unguja mwaka 1837. Alitoka Salem, Massachusetts. Merikebu za Salem zilileta nguo za pamba, ndiyo asili ya neno merikani, na zikirudi zilibeba pembe na sandarusi. Salem palikuwa na kiwanda cha kuiosha sandarusi kwa magadi, udongo utoke, vipele vionekane. Kwa hiyo ukisikia mzee anasema shuka la merikani, ujue sehemu ya shuka hilo ililipwa kwa vipande vilivyochimbwa na Mzaramo kwa jembe.

Leo mti huo uko wapi? Ninaoujua mimi upande wa Kisarawe nilionyeshwa na marehemu baba, ilikuwa mitatu karibu na shamba letu la mihogo. Mwaka jana nilipokwenda kulikuwa na mmoja. Miwili ilikuwa imeshalazwa kwenye tanuri la mkaa, na vijana walioikata hawakujua jina lake. Niliwauliza. Mmoja akasema, "Huu mti wa kawaida tu, mzee."

Hilo ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Naomba kila mwenye kuujua mti huu aandike uko wapi (mahali pa jumla tu, msiandike kwa namna ya kuwaelekeza wakataji), na wazee wa kwao waliuitaje. Na mwenye mbegu aniambie.

Bint Mvita

Asante ndugu yangu kwa uzi huu. Huku kwetu Mombasa sandarusi ni ile karatasi ya plastiki, ya kung'ara. Ulipopigwa marufuku mfuko wa plastiki tarehe 28 Agosti 2017, wauzaji sokoni Kongowea walikuwa wakisema "sandarusi imekatazwa". Na nyinyi huko mkafuata Juni 2019. Sikuwahi kujiuliza neno limetoka wapi, nilidhani ni la Kihindi.

Nimemuuliza nyanya yangu baada ya kusoma hapa. Kacheka sana. Kasema kwanza sandarusi ni ya chetezo, hii nyengine ilikuja baadaye ikapewa jina kwa vile yapitisha mwanga kama ile ya mti. Neno lenyewe kasema ni la Kiarabu, sandarus.

Mti upo Arabuko-Sokoke, kule Kilifi. Msitu ule una sehemu tatu, na sehemu yenye miti iliyochanganyika ndiyo wenye mtandarusi, pamoja na mbambakofi. Nilikwenda na wanafunzi wangu tukaonyeshwa na kiongozi wa msitu, ila sikuyatilia maanani majani. Nikienda tena nitaangalia hizo kwato za mbuzi.

Mjukuu wa Kisarawe

Bint Mvita, mfikishie bibi salamu zangu, mwambie shikamoo. Maelezo yake ndiyo niliyokuwa nahisi. Mbambakofi mnaosema nyinyi ndio mkongo wetu, kwa hiyo hapo Arabuko ndugu wawili wanakaa jirani.

Mwana wa Salalah

Salaam alaykum. Niko Dhofar, kusini mwa Oman, mwaka wa tisa sasa, asili yangu Unguja. Naomba niweke jambo sawa kwa sababu naona watu huchanganya. Ubani, huku luban, si sandarusi. Mti wa luban ni Boswellia sacra, mdogo, umepindapinda, gome linabanduka kama karatasi, unaota kwenye mawe mahali ambapo hata mbuzi anahurumia. Wadi Dawkah, bonde lenye miti hiyo, liko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000.

Wagemaji huku wana chuma kifupi wanakiita manqaf. Wanakwangua gome kidogo, utomvu mweupe unatoka kama machozi. Ule wa kwanza hauthaminiwi. Wanarudi baada ya wiki kadhaa wanakwangua tena palepale, na mara ya tatu ndiyo wanachukua. Daraja la juu ni hojari, mweupe wenye kijani kwa mbali.

Jaribio la nyumbani: tia punje ya luban kwenye maji usiku kucha, asubuhi maji yamekuwa meupe kama maziwa, na watu huyanywa. Hiyo ni kwa sababu ndani yake mna gundi inayokubali maji. Tia sandarusi, asubuhi utaikuta kama ulivyoiacha. Sandarusi ni utomvu mtupu, maji haiyajui kabisa.

Kinachoniuma nikisoma uzi huu ni hiki: huku mtu akiulizwa mti wa luban anakuonyesha kwa fahari, kuna bustani, kuna jumba la makumbusho, watoto wa shule wanapelekwa. Sisi Unguja iliyobeba jina la sandarusi duniani kote, nani amewahi kuonyeshwa mti wake shuleni? Mimi sikuonyeshwa.

Fundi Msasa

Mkuu na mimi fundi, nipo Keko. Swali la kiufundi. Nikipata hiyo sandarusi naweza kuiyeyusha kwa tina nikapiga kwenye kabati? Na kama ilikuwa bora hivyo mbona hatuioni madukani?

Mjukuu wa Kisarawe

Fundi mwenzangu, nimejaribu. Niliponda vipande vya kuchimba, nikatia kwenye chupa na tina, nikaacha wiki mbili. Ilivimba, ikawa kama ute mzito chini ya chupa, juu tina ikabaki tina. Chakazi ya bibi ilikubali kidogo zaidi, lakini ikikauka inabaki kunata na vumbi lote la karakana linaganda juu yake.

Wale wa zamani hawakuiyeyusha kwa baridi. Waliipika kwenye chungu cha shaba, moto unapita nyuzi 300 za Selisiasi, mpaka inaachia, inatoa moshi mkali na kupoteza kama robo ya uzito wake. Ikishatulia ndipo walipomimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa pembeni, kidogo kidogo, halafu wakipunguza uzito kwa mafuta ya tapentaini. Kosa dogo chungu kinawaka moto. Tafadhali mtu asijaribu jikoni, narudia, msijaribu.

Madukani haipo kwa sababu nyingi. Kopali nyingine zilipatikana kwa wingi zaidi: kauri ya New Zealand, ya Manila, na hii ya Kongo iliyokusanywa kwenye misitu ya kinamasi ya jimbo la Équateur wakati wa Wabelgiji, inatoka mti mwingine, Guibourtia demeusei. Pwani kwetu nako, kuelekea mwisho wa karne ya 19, wachimbaji wengi waliacha sandarusi wakakimbilia mpira wa mwituni uliokuwa na bei. Halafu mwaka 1907 mkemia Leo Baekeland akaunda utomvu wa maabara, Bakelite, na baada ya hapo wanakemia wakatengeneza vanishi zisizohitaji kuchimba chochote. Ile unayopiga wewe Keko na mimi Temeke ni mjukuu wa hizo.

Kitu kimoja kilinifurahisha nilipokuwa nasoma kuhusu kemia yake. Katika vitu walivyovitenga ndani ya utomvu wa msandarusi kuna asidi wanayoiita asidi ya zanzibari. Hilo ndilo jina lake rasmi duniani kote.

Kijana wa Mkuranga

Mkuu, nimesoma yote. Mimi nimechoma mkaa miaka sita. Sijifichi. Baba alifariki, wadogo zangu wanne, shamba ni mchanga mtupu, mihogo inaliwa na nguruwe pori. Mkaa unapeleka barabarani jioni unarudi na hela. Wewe unasema hatujui jina la mti. Kweli hatujui, lakini na sisi nani alitufundisha? Mwenye lori anakuja anataka magunia arobaini, haulizi mti gani.

Nimeangalia maelezo yako ya jani. Huo mti naujua. Sisi tunauita mti wa gundi, na tunda lake tulipokuwa watoto tulilipasua kwa jiwe tukatengeneza ulimbo wa kunasia ndege. Ipo kama mitano ninapokaa. Sasa niambie, nikiiacha nitapata nini?

Mjukuu wa Kisarawe

Ndugu yangu wa Mkuranga, nimekaa na swali lako tangu asubuhi kwa sababu sitaki kukujibu kwa maneno matamu. Samahani kama niliwaandika wale vijana kana kwamba kosa ni lao. Baba yangu alinionyesha mti. Kama asingenionyesha na mimi ningeulaza.

Sandarusi yenyewe leo haina soko kubwa la kukulipa kama magunia arobaini. Nikisema vinginevyo nitakuwa nakudanganya. Ninachoweza mimi binafsi ni mbegu. Ukiniokotea matunda yaliyokomaa, yaliyoanguka yenyewe, nitayanunua kwa bei tutakayoelewana, maana nataka kuotesha miche. Kuna wengine humu naona wameniandikia pembeni wanataka miche pia. Na miti mitano iliyosimama inazaa kila mwaka. Hiyo si ahadi ya utajiri. Ni ahadi yangu mimi, mtu mmoja.

Mama Nasra

Samahani nina maswali mawili. La kwanza, nilinunua bangili nikaambiwa ni kaharabu halisi, ina mdudu ndani. Nitajuaje kama si sandarusi? La pili, kuna watu wanasema moshi wa sandarusi unatibu pumu na kufukuza mashetani, ni kweli?

Mjukuu wa Kisarawe

Mama Nasra, karibu.

Bangili: dondosha tone moja la spiriti au dawa ya kuondolea rangi ya kucha mahali pasipoonekana, subiri kidogo, gusa. Sandarusi inanata, kaharabu ya kweli, yaani utomvu wa kale uliogeuka jiwe, hainati. Kaharabu ile ya nchi za Baltiki ina mamilioni ya miaka, ya kwetu ni changa mno ukilinganisha nayo. Lakini zina undugu: kaharabu ya Jamhuri ya Dominika, na ya Mexico pia, zimetoka kwenye miti ya ukoo huuhuu wa Hymenaea iliyokwisha kutoweka. Kwa hiyo ulicho nacho mkononi, kama ni sandarusi, ni kaharabu iliyotolewa ardhini kabla ya wakati wake. Plastiki nayo ipo nyingi. Hiyo ukiichoma na sindano ya moto inanuka plastiki, sandarusi inanuka kama uvumba.

Huyo mdudu, mwangalie kwa lenzi. Mara nyingi ni wale nyuki wadogo wasiouma. Wao huja kwenye jeraha la mti kuchota utomvu wa kujengea mizinga yao, na siku nyingine utomvu unawahi kuwanasa.

Moshi: mwenye pumu asikae karibu na moshi wowote, uwe wa sandarusi, udi au kuni. Aende hospitali. Bibi yangu alifukiza kwa sababu nyumba ilinukia na nguo zilinukia, na dua yake aliisoma mwenyewe. Zaidi ya hapo sitasema.

Mzee wa Mbwamaji

Wanangu, hamjambo. Mjukuu wangu amenisomea uzi huu wote, na sasa anaandika ninayomwambia.

Mimi nimezaliwa Mbwamaji, upande huu wa Kigamboni. Watu wa siku hizi wanaijua kwa viwanja. Kale Mbwamaji ilikuwa bandari, na bidhaa yake ilikuwa sandarusi. Baba yangu hakuchimba, babu yake ndiye aliyechimba. Lakini habari alinipa.

Walitoka kwa makundi, si wakati wa kiangazi kikali kwa sababu ardhi ni ngumu. Waliifuata baada ya mvua. Mtu alikuwa na jembe lake dogo na kapu. Hakuchimba shimo kubwa kama la choo. Alitoboa tundu jembamba, akaingiza mkono, akakwangua udongo mpaka bega linagusa ardhi. Mkono ukifika mwisho hajapata kitu, anahama hatua mbili anaanza upya. Ndiyo maana pori lile lilikuwa na matundumatundu, na sisi tukiwa watoto tukikimbia humo tuliambiwa tuangalie miguu.

Kuna mahali aliyeandika uzi ameruka. Ile chakazi, wazungu wa Unguja walishindwa kuitamka, wakaifanya kwao "jackass", yaani punda. Kopali ya punda. Mzungu Burton, msafiri Mwingereza aliyepita pwani hii mwaka 1857 kwenda maziwa makuu, aliliandika jambo hilo kitabuni mwake, na mjukuu wangu ameliona. Ilikuwa ikipelekwa Bombay na China, kwa bei ya chini. Chakazi ni neno letu na lina heshima yake, lisemeni.

Na bei hakuipanga mchimbaji. Alimpelekea Banyani, mfanyabiashara wa Kihindi wa bandarini, akapewa nguo, shanga, wakati mwingine alikuwa ameshakula deni tangu msimu uliopita. Baba alisema: sandarusi ilimtoa mtu jasho, ikamvisha kitambaa cha futi chache.

Mjukuu wa Kisarawe

Shikamoo mzee wangu.

Maneno yako nimeyanakili kwenye daftari kama yalivyo. Nilikuwa nimesoma habari ya kuingiza mkono mpaka bega, lakini sikuwahi kumsikia mtu anayeisema kutoka ndani ya ukoo wake. Na sasa nimeelewa kitu: pale shambani kwetu kuna vishimo vya ajabu, vimejaa majani, marehemu baba alikuwa anasema ni vya nguchiro. Nitakwenda kuviangalia upya. Naomba ruhusa siku moja nije Mbwamaji kukuamkia.

Mzee wa Mbwamaji

Marahaba mwanangu. Njoo, mlango uko wazi. Uje na hiyo chakazi ya bibi yako, nina miaka mingi sijaisikia harufu yake.

Fundi Msasa

Mkuu, mimi nahitaji miche miwili. Nina uwanja Chanika. Mbao yake ikoje?

Mjukuu wa Kisarawe

Ngumu, rangi ya kahawia inayoelekea wekundu, nzito. Lakini usipande kwa ajili ya mbao, utazeeka ukiisubiri. Pandia kivuli na wajukuu.

Mjukuu wa Kisarawe

Wakuu, nimerudi na mrejesho, ni wiki ya saba tangu tuzungumze.

Kijana wa Mkuranga alinitumia kiroba cha matunda kwa basi. Kiroba chenyewe kilikuwa cha sandarusi. Ndani yake mlikuwa na sandarusi ya kweli, maana yale matunda yalikuwa yamepigwa na jua, vinundu vimepasuka na utomvu umeshika mfuko mzima. Nilipofungua karakana yote ilinukia, hata wateja waliuliza.

Kazi ilikuwa kutoa mbegu. Tunda ni gumu, nililiweka kwenye jiliwa na kulikaza taratibu mpaka likalia. Ndani kuna mbegu moja, mbili, si zaidi ya tatu. Zina ganda gumu pia, kwa hiyo nilizisugua upande mmoja kwa msasa namba 80 mpaka weupe wa ndani ukaanza kuonekana, nikaloweka siku nzima. Zilizovimba nikapanda, ambazo hazikuvimba nikazisugua tena. Udongo wangu ni mchanga na samadi iliyooza kidogo. Mbegu 30 nilizipanda, hadi leo zimeota 11. Ya kwanza ilichomoza siku ya kumi na tisa. Majani yake ya mwanzo yana rangi ya shaba, laini kama sikio la sungura, na tayari yako mawili mawili.

Mgawo uko hivi: mmoja nautia kwenye shamba letu Kisarawe karibu na ule uliobaki, mmoja unakwenda Mbwamaji kwa mzee, miwili ya Fundi Msasa Chanika. Mitatu nampa kijana wa Mkuranga kama ataitaka, nje ya hela niliyomlipa. Walimu wawili wa shule za msingi walioniandikia pembeni, mmoja mmoja. Miwili inabaki karakana mpaka ipate nguvu.

Bint Mvita, ya kwenu siwezi kuivusha mpaka, sheria za mimea haziruhusu kubeba hivihivi. Lakini nyinyi mna Arabuko. Waulizeni watu wa msitu kuhusu mbegu.

Kijana wa Mkuranga

Nitaitaka mkuu. Na ile mitano bado imesimama. Nimewaambia wenzangu jina.

Bint Mvita

Nimerudi Arabuko Jumamosi. Nimeliona jani. Nimelishika juu kwenye jua, na vile vitone vipo.